Kikohozi cha Mwanangu Kwenye Spika

Jumapili alasiri, ukumbini Tunduma, mwanangu alikohoa kwenye spika. Yeye mwenyewe nilikuwa nimembeba mgongoni, amelala fofofo. Nilikaa benchi la nyuma kama mgeni, na jukwaani Zawadi, mwenzangu wa kikundi, amevaa gauni langu la kuigizia bibi harusi, anafungua mdomo na kufumba. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu. Katikati ya ubeti wa tatu, kho! kho! Zawadi akabaki mdomo wazi. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Zambia akapaza sauti, "Awe, jamani! Bibi harusi kumbe ameshazaa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Naigiza michezo ya nyimbo tangu Ikinga, kule Ileje, nilikokuwa Mariamu wa Krismasi kanisani. Sekondari niliigiza, na sasa ni mwaka wa nne kwenye kikundi cha Tunduma. Huyo bibi harusi wa mchezo wetu, anayemsubiri dereva wa lori mpakani, nusu ya nyimbo zake nimetunga mimi. Nilipojifungua, kiongozi wetu, tunayemwita Mwalimu, alikuja nyumbani mwanangu Atupele akiwa na wiki sita. Tukaegemeza godoro dirishani kuzuia honi za malori, nikaimba mtoto akiwa mapajani, akarekodi kwa simu. "Ni ya mazoezi tu, mama Atupele, wenzako wasisahau." Nikamwamini.

Onyesho lilipoisha nilimfuata nyuma ya pazia.

"Mwalimu, haya ndiyo mazoezi?"

"Taratibu, mama. Wewe nyonyesha kwanza. Sauti ya mzazi hukauka, kila mtu anajua. Jumamosi tunacheza Vwawa mbele ya wakubwa wa mkoa, siwezi kubahatisha."

Zawadi akadakia huku akivua shela, "Dada, si ushukuru bado unasikika?"

Uvumilivu wangu uliishia hapo. Sikumpiga. Nilikwenda nyumbani nikafunga nepi kwenye mkoba.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka Tunduma kwenda Vwawa, kupeleka malalamiko kwa afisa utamaduni. Foleni ya malori ilikuwa imesimama kama kawaida, madereva wanapiga mswaki kando ya matairi. Nilipata siti ya dirishani kwenye Coaster, Atupele akanyonya, akalala.

Tulipopita Mpemba nilianza kuimba kwa kunong'ona ule ubeti wa tatu, nijipime tu. Pale juu, sauti ilikatika. Nikarudia. Ikakatika tena, mfano wa uzi mbovu. Je, kama Mwalimu anasema kweli? Nakwenda kudai kitu ambacho labda sina tena? Mashamba ya kahawa yalianza kuonekana, wala sikuyatazama. Nilihesabu vituo, nikafikiria kushuka na kurudi.

Vwawa, saa mbili kasoro. Shangazi Eliza anauza maharage sokoni. Alimpokea Atupele kabla hajanisalimia mimi, akanipa chai na kiazi.

"Utaandika ukiwa na hasira hivyo?"

"Niandike nikiwa na nini, shangazi?"

"Na akili. Hasira watakujibu, 'mama huyu ana wivu.' Andika kilichotokea tu."

"Na kama sauti imekwisha kweli?"

Akapepeta maharage kidogo. "Mimi nilizaa sita. Kwaya sijaacha. Lakini mwaka mmoja nilikuwa nakwaruza kama kuku, na hakuna aliyeimba badala yangu akajiita Eliza."

Saa nne nilikuwa ofisini kwa afisa utamaduni, dada mmoja mpole mwenye miwani. Alitazama video niliyorekodi kwa simu ukumbini Jumapili. Kikohozi kilipotoka, akamtazama Atupele, akaziba mdomo asicheke.

"Uliridhia kurekodiwa?"

"Kwa mazoezi."

"Na ukirudishiwa nafasi yako Jumamosi, utaweza?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Sijui," nikamwambia. "Njiani nimejaribu, imekatika."

Akanisogezea karatasi. Niliandika malalamiko nakala mbili, akazigonga muhuri wa kupokelewa, akasema ataita kikundi kabla ya Jumamosi. Zaidi ya hapo hakuniahidi.

Saa tisa nilirudi Tunduma, simu ya Mwalimu ikiita mara kwa mara. Sikupokea. Nimejifunza kwamba kuona haya kumkatalia mtu anayekuja kwako na tabasamu ni kitu cha hatari. Nakala yangu inasema hivi:

YAH: KUTUMIWA KWA SAUTI YANGU JUKWAANI BILA RIDHAA YANGU

Mimi Subilaga, mwigizaji wa michezo ya nyimbo, mkazi wa Tunduma, nalalamika kwamba sauti yangu, iliyorekodiwa nyumbani kwangu kwa ajili ya mazoezi, imechezwa mbele ya watu huku mtu mwingine akifungua mdomo. Sikuulizwa. Naomba rekodi hiyo isichezwe Vwawa wala popote. Zawadi akitaka kuwa bibi harusi, aimbe kwa koo lake. Na mimi naomba nijaribiwe mbele ya kikundi kabla ya kuambiwa siwezi. Sauti yangu haijarudi yote, sifichi. Ikikatika, ikatike nikiwa nimesimama pale mwenyewe.