Hoteli ya "Kila Kitu Iko"

Walimu wenzangu, anayepanga kwenda Sultan Hamud asome hii kwanza. Nimeibandika hapa kwa ubao ili mnicheke wote mara moja.

Asubuhi Mama Mutua, mke wangu, alinifungia muthokoi kwa mkebe, ati nisimalize pesa hotelini. Mwalimu mzima nibebe mahindi na maharagwe kama mtoto wa nasari!

Nilipofika hotelini huko Sultan Hamud nikampa mama mwenye hoteli ule mkebe. "Mama, pelekea mbwa wako."

Kisha nikaketi kama D.O., mkubwa wa serikali.

"Kuna nini?"

"Kila kitu iko, mwalimu."

Kuku? Imeisha. Chapati? Unga haijafika. Wali? Labda kesho.

Menyu imejaza ukuta mzima, na sufuria ni tupu! Hiyo nayo ni hoteli?

"Muthokoi iko," akasema. "Moto moto."

Njaa ilikuwa imenishika, nikakubali. Kijiko cha kwanza tu, nikakutana na pilipili nzima. Ni nani mwingine hupika hivyo, kama si Mama Mutua?

"Na mbwa je?" nikamuuliza.

"Hatuna mbwa, mwalimu."

Nikamaliza sahani. Nikalipa.

Sasa niambieni, nyinyi wenye akili: nimefika nyumbani, na Mama Mutua anataka mkebe wake.