Sahani ya Rama

Jikoni kwa Bi Mwanarusi, huko Likoni, chombo hakikulala na uchafu. Wala hakikuruhusiwa hata kusinzia. Mtu wa mwisho akishanawa mikono tu, mkeka ulikung'utwa, mabakuli yakabebwa, na kazi ikaanza kwa mpango wake usiobadilika: kwanza vikombe, kisha sahani, kisha mabakuli ya mchuzi, na masufuria mwisho kabisa, yakisuguliwa kwa jivu na kumbi la nazi mpaka mtu aone kope zake humo. Maji ya mafuta yalimwagwa nyuma ya mgomba, si mlangoni. Mbuzi ya kukunia nazi ilifutwa jino kwa jino. Jiko lilifagiwa kabla ya magharibi, maana kufagia usiku ni kufukuza riziki. Na kila chenye mdomo kilifudikizwa juu ya kichanja, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, chombo kinachotazama juu kinangojea kitu, na nyumba ya heshima haikai ikingojea.

Labda utasema mama huyu alikuwa na makuu. Wengi pale mtaani walisema hivyo, na walipoalikwa kula kwake walifika mapema.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwanatatu mamaye alikufa angali mdogo, na ulimwengu uliokuja kumfunza ulikuwa mavyaa wake, Bi Mwanarusi huyo huyo, aliyelala chumba cha pili. Mwanatatu aliolewa na Rama, mtoto wa pekee wa nyumba ile, akaletwa kutoka Mtongwe na sanduku moja na mikono isiyojua kazi. Wiki ya kwanza aliacha sufuria imerowekwa ukoko, akaenda kulala. Alfajiri aliikuta kando ya kitanda chake, imefunikwa upande wa kanga kama mgonjwa.

"Mwenzako huyu ulimwacha nje peke yake," mavyaa alimwambia. "Nimekuletea mlale pamoja."

Rama alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanatatu hakucheka siku hiyo, ila baadaye alicheka mara nyingi, na hakuacha sufuria tena. Kwa hakika alimpenda yule mama. Hilo mtu na aliseme kwanza, kabla hajasema mengine.

Rama alikuwa kuli bandarini. Alivuka kwa feri alfajiri, na kazi ikiisha alirudi karibu na alasiri, wenzake wa nyumbani wameshakula zamani. Kwa hiyo sahani yake, ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, ilipakuliwa mchana pamoja na nyingine, ikafunikwa kawa, ikawekwa juu ya kichanja kumngojea. Ilikuwa kazi ya mkewe kupakua na kufunika. Akifika, Rama alikaa juu ya mkeka karibu na mlango wa jikoni, akala polepole, na miba ya samaki akaipanga ukingoni mwa sahani, mmoja kando ya mwenzake kama meno ya kitana. Mwanatatu alikaa naye akidokoa. Ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote.

Mwaka wa hamsini na saba Rama alipata kazi melini, huko chini tanurini. Safari moja tu, alisema, arudi na fedha ya mabati. Meli ilirudi bila yeye. Mabaharia walisema aliteremka bandari moja ya Bara Hindi, na nanga ilipong'olewa hakuwapo. Mmoja alisema ni maradhi. Mwingine akasema mwanamke. Wa tatu aliapa kwamba mwaka uliofuata alimwona Aden akitembea kwa miguu yake. Kila msemaji alikuwa na Rama wake, na hakuna hata mmoja aliyemleta. Kaburi halikujulikana, talaka haikuja, wala salamu.

Bi Mwanarusi hakulia mbele ya watu. Mchana wa siku meli iliporudi, chakula kikipakuliwa, aliitoa sahani ya buluu akampa mkaza mwana wake.

"Mpakulie mumeo," alisema. "Mwanangu huchelewa."

Tangu siku hiyo kulikuwa na chombo kimoja tu katika nyumba ile chenye ruhusa ya kutazama juu. Mwanatatu alipakua, akafunika kawa. Jua likishuka, Bi Mwanarusi alikitoa chakula akawapa watoto wa chuo cha Kurani waliopita njia, kisha akaiosha sahani mwenyewe. Mkono mwingine haukuigusa kwa kuiosha. Mwaka ukapita, na mwingine ukapita, na chakula kilikuwa kile kile cha mtu asiyekuja.

Mwanatatu alichoka. Si kazi iliyomchosha, kazi alikwishaizoea. Kilichomchosha ni kuwa mke wa sahani. Alikuwa bado kijana. Wenzake aliochezwa nao ngoma walikuwa na watoto wa kwenda chuoni, naye alikuwa na kawa.

Ndipo Mwidani alipoleta posa. Mwidani alikuwa fundi wa mawe huko Mtongwe, mtu mpole, aliyefiwa na mke na kuachiwa mtoto mdogo wa kike asiyekuwa na wa kumsuka. Alileta maneno yake kwa adabu kwa Ami Bakari, baba mdogo wa Mwanatatu. Siku zile barazani kote wanaume walikuwa wakibishana juu ya mwambao, uende na Sultani ama uende na bara. Mwanatatu naye alikuwa na swali lake la kwenda na nani, ila hilo hakuna aliyeliitishia mkutano.

Ami Bakari alivuka akaenda kwa kadhi. Kadhi alisikiliza, akasema mwanamke aliyeachwa bila habari wala matumizi haachwi kufungwa maisha, lakini atataka mtu wa upande wa mume aje aseme kwa kinywa chake kwamba mambo ni hivyo. Na upande wa mume ulikuwa na mtu mmoja tu.

Basi Ami Bakari alikuja Likoni, akakaribishwa barazani, akapewa kahawa. Mwanatatu alisimama nyuma ya mlango, akisikiliza.

"Bi Mwanarusi," ami alianza, "wewe ndiwe uliyemlea mtoto wetu, na shukrani hatuna ya kutosha. Lakini umri wake unakwenda. Kuna mtu mwema, na hawezi kungoja zaidi ya Ramadhani, ana mtoto mdogo wa kulea. Neno lako moja kwa kadhi litamfungua."

"Bwana Bakari, nakuuliza. Sahani ya Rama leo imefunikwa na nani?"

Ami aliona aibu, maana jibu alilijua. "Na mkewe."

"Jana je?"

"Na mkewe."

"Basi. Mke anayemfunikia mumewe chakula ana mume. Wataka nivuke maji nikaseme uongo mbele ya kadhi, na uzee huu?"

Ami Bakari alimaliza kahawa yake, akaaga. Nyuma ya mlango Mwanatatu aliegemea ukuta. Kila mchana alikuwa akiifunika sahani ile kwa heshima, ili asimvunje mama moyo, na sasa heshima yake mwenyewe ndiyo kamba aliyofungiwa. Alisikia hasira ambayo hakuwahi kuisikia katika nyumba ile, akaogopa.

Kesho yake walipika wali wa nazi na changu wa mchuzi. Wakala. Mwanatatu akapakua sahani ya Rama, akaifunika, kisha akaosha vyombo kwa kishindo, sufuria zikigongana.

"Vyombo vya watu havina kosa," Bi Mwanarusi alisema kutoka ukumbini.

"Abee, mama."

Mama akaingia chumbani kujinyoosha, kama ilivyokuwa desturi yake baada ya adhuhuri. Mwanatatu alifudikiza chombo cha mwisho, akajifuta mikono, akatazama juu ya kichanja. Kawa lilikuwa pale, na rangi zake zilizopauka. Alilifunua. Akaiteremsha sahani, akakaa mahali pa Rama, juu ya mkeka karibu na mlango, akala.

Tonge la kwanza alilila kwa hasira. La pili pia. Halafu machozi yakaanza, naye hakuacha kula. Na kulia na kula pamoja si rahisi kwa mtu asiyetaka kupaliwa. Wali ulikuwa umepoa, mchuzi umeganda, na ulikuwa mtamu. Hakuwahi kukaa mahali pale tangu mumewe aondoke. Alikula mpaka punje ya mwisho, akaiacha sahani hapo hapo chini, akachukua debe akaenda kisimani. Alijua anachokiacha. Kwa mara ya kwanza tangu ile sufuria ya ukoko, alikiacha chombo kichafu, tena kimetazama juu.

Kisimani palikuwa na watu wengi, akakawia. Alipokuwa akirudi, debe kichwani, aliona moshi ukitoka jikoni. Saa ile hakuna moto uliokuwa ukiwashwa kwa Bi Mwanarusi. Akaharakisha, maji yakimmwagikia begani.

Uani alimkuta mavyaa wake kichwa wazi, kanga imemwangukia kiunoni, asijali. Sufuria kubwa ya maji ilikuwa motoni. Kikoi cha Rama, kile kilichokaa sandukuni na karafuu, kilikuwa kimetandazwa juu ya kamba kipigwe na upepo.

"We mtoto, ulikuwa wapi? Mbona hukuniamsha?"

"Kuna nini, mama?"

"Keshakuja." Bi Mwanarusi aliinua sahani kwa mikono miwili. "Kala chakula chake chote. Tazama, kapanga miba yake vile vile. Nilipoamka sikumwona, nimezunguka nyumba nzima, nimemwita mpaka kule mikoroshoni. Atakuwa kenda msikitini, alasiri ishaadhiniwa. Nimemtilia maji ya kuoga. Hebu tua debe, mwanangu, kajifukize udi, asikukute hivyo."

Mwanatatu alishindwa kulitua debe. Alitazama ukingo wa buluu, na miba iliyopangwa mmoja kando ya mwenzake. Hakukumbuka kuipanga. Aliona kwamba angeweza kusema ni paka, lakini paka hapangi miba. Aliona pia kwamba angeweza kunyamaza, amwachie mama furaha yake mpaka watu watoke msikitini, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, si yeye."

"Si yeye nani?"

"Aliyekula. Ni mimi. Nimekila mimi."

Bi Mwanarusi alimtazama, kisha akaitazama sahani.

"Na miba hii?"

"Ndivyo ninavyokula. Nilijifunza kwake."

Maji yalikuwa yakichemka, mvuke unapanda. Bi Mwanarusi alikaa taratibu juu ya mbuzi ya nazi, sahani mapajani. Mwanatatu alilitua debe akapiga magoti mbele yake, akingojea laana. Angeona heri laana. Mama alikuwa akipitisha kidole juu ya miba, mmoja mmoja, toka mwanzo hadi mwisho.

"Nilikuwa nimesahau," alisema hatimaye, "sahani iliyoliwa inakuwaje."

Mwanatatu alinyoosha mkono aichukue akaioshe. Mama hakuiachia. Wakakaa hivyo mpaka moto ukafa wenyewe na maji yakapoa, na kikoi kikaanuliwa kabla ya magharibi. Jioni ile, hakuna aliyefagia jiko.

Siku tatu Bi Mwanarusi hakusema ila salamu. Siku ya nne alivaa buibui lake jeusi, akasimama mlangoni.

"Mpelekee ami yako habari," alisema. "Leo navuka."

Mbele ya kadhi aliulizwa kama mwanawe ameleta chochote, au habari yoyote, tangu aondoke. Bi Mwanarusi aliinama kwanza.

"Sahani yake nimeiosha mwenyewe kila siku, bwana kadhi," alisema. "Hata siku moja sikukuta alama ya vidole vyake."

Kadhi hakuelewa, akauliza tena. Ami Bakari alifungua kinywa apate kumfafanulia, lakini mama aliinua mkono.

"Hajala," alisema. "Mwanangu hajala kwangu. Mfungue mtoto wa watu."

Ndoa ikavunjwa. Mwanatatu alirudi kukalia eda yake mle mle Likoni, maana hakuna aliyemwambia aondoke, na yeye mwenyewe hakujua angeondokaje. Alitarajia kufurahi. Kwenye feri alitafuta furaha kifuani mwake, akakuta nafasi yake tu, na pembeni mama ameshika nguzo, anatazama meli zilizotia nanga huku akimpa mgongo.

Kesho yake mchana, wali ulipoiva, mkono wa Mwanatatu ulipakua sahani tatu. Mkono ulifanya kwa mazoea. Kichwa kilikuja nyuma yake, kimechelewa. Alisimama na upawa, asijue arudishe ama aache.

Bi Mwanarusi alikuja, akaichukua sahani ya buluu, akaurudisha wali sufuriani, punje zote.

"Tuko wawili," alisema. "Na karibu nitakuwa peke yangu. Tule, chakula kinapoa."

Wakala. Baadaye Mwanatatu akaanza kazi kwa mpango wake: vikombe, sahani, mabakuli, masufuria. Alipomaliza, ilibaki ile moja. Bi Mwanarusi alikaa chini akaiosha mwenyewe, kwa jivu na kumbi, akiisugua kwa nguvu kama sufuria iliyoungua, ingawa haikuliwa kitu. Akaisuuza mara mbili. Akaipeleka kwenye kichanja, akaifudikiza katikati ya vyombo vingine, akauweka mkono juu yake kidogo, kama mtu anavyomwekea mtoto mkono mgongoni apate usingizi.

Mwanatatu aligeuka akilia. Hakutaka aonekane.

"Yule mtoto wa Mwidani," Bi Mwanarusi alisema, mkono bado uko pale. "Ukimfundisha, aanze na vikombe."