Baba Mkwe, Kunguru na Antena ya Juu ya Paa

Sanamu ya nyasi niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe ili kutishia kunguru iliinua mkono, ikashika antena, ikaizungusha.

Mchana kweupe. Juu ya paa la baba mkwe.

Nilikuwa uani nimeshika bakuli la maji ya kunawa. Bakuli likaniponyoka. Nikafikicha macho, nikatazama tena. Sanamu ikapiga chafya.

Jamani, nyasi hazipigi chafya.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkadhani nimechanganyikiwa.

Mimi ni kinyozi. Wakati huo mimi na mke wangu tulikuwa tunaishi kwa wazazi wake, chumba cha nyuma, tukisubiri mambo yetu yakae sawa. Na mwanaume kuishi ukweni si mchezo. Unakula umeinamisha kichwa. Hata kikohozi unakiombea ruhusa.

Baba mkwe alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimwita Mzee Breki, maana mtu yeyote aliyewahi kufundishwa naye, hata awe anatembea zake kwa miguu, akisikia ile sauti ikisema "Breki!" anasimama papo hapo. Nusu ya madereva wa mtaani kwetu wamepita mikononi mwake.

Wanaume tu, lakini. Mwanamke akishika usukani, alikuwa akisema, hata barabara inashtuka. Mke wangu alimwomba amfundishe tangu akiwa msichana. Jibu halikubadilika: "Kwanza jifunze kukaa kimya kwenye kiti cha abiria kama mama yako."

Na kweli mama mkwe alikuwa kimya. Anafunga mkanda, anaweka mkoba mapajani, anatazama mbele.

Basi wakaja watu wa televisheni. Ile ya hapa hapa kwetu, inayorushwa kutoka mnara wa kilimani. Wana kipindi cha kuwahoji watu waliofanya kazi moja maisha yao yote. Wakamkalisha Mzee sebuleni, wakamwashia taa usoni, wakamhoji. Kipindi kingeonyeshwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri.

Mama mkwe, yule yule mpole, akapita nyumba hadi nyumba kualika watu waje kutazama.

Tatizo likawa moja. Televisheni yetu ilikuwa haikishiki kituo hicho.

Zamani picha ikiwa mbovu uliona chenga chenga, ukakisia huyu ni mtu na ile ni mbuzi. Dijitali haina huruma. Ama picha safi, ama mtu anakatika vipande vipande, anabaki mdomo wazi, halafu giza totoro na maandishi: hakuna mawimbi.

"Mkwe wangu," mama mkwe akaniambia, "hii kazi ni yako. Sijawahi kukuomba kitu tangu uje hapa. Nataka picha."

Nikajiambia leo ni leo. Hapa ndipo nitakapopata heshima yangu kwenye nyumba hii.

Nikamuuliza fundi mmoja ninayemnyoa. Akanipa somo bure, povu usoni: antena isikae ndani, ipande juu ya paa kwenye nguzo. Waya uwe mmoja, usiwe na viungo viungo. Vijiti vya antena vilale, ikiwa vya mnara navyo vimelala. Pua yake ielekee mnarani, kisha isogezwe kidogo kidogo, na kila ukisogeza usubiri, maana king'amuzi nacho kinafikiria.

Nikafanya yote. Picha ikaja!

Mama mkwe akapiga kigelegele. Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu uchumba. Mzee Breki akasema, "Mh."

Asubuhi yake, hakuna mawimbi. Nikapanda. Antena imegeuka, inachungulia jiko la jirani.

Nikairudisha, nikakaza nati mpaka mkono ukauma. Kesho yake imegeuka tena.

"Kunguru," Mzee Breki akasema, kwa uhakika wa ajabu. "Kunguru wa siku hizi wana akili. Wanafungua mpaka nati."

Na aliyewachukia kunguru kuliko sote akawa yeye. Aliwatupia mawe. Aliwahutubia. Nilimkuta siku moja amemnyooshea kidole kunguru aliyetua ukutani: "Wewe ndiye unayeniharibia nyumba! Ukome!" Kunguru wa watu alimtazama tu, kosa lake halijui.

Ndipo nikatengeneza sanamu. Nyasi, miti, kofia, na koti kuukuu la Mzee la kazini. Nikaifunga pembeni ya antena.

Haya, sasa tumefika kwenye chafya.

Nikapanda ngazi kwa kunyata. Sanamu yangu ya kweli ilikuwa imelazwa upande wa pili wa paa, uchi wa mnyama. Na ndani ya lile koti, kofia imeshuka mpaka puani, spana mkononi, alikuwa baba mkwe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kinaweza kuwa nguoni mwa sanamu.

Tukatazamana. Mzee akasimama wima, akanyoosha mikono yote miwili, akatulia tuli. Anajifanya bado ni sanamu!

Nikamwamkia. "Shikamoo, baba."

Sanamu ikahangaika. Salamu haiachwi ikapotea hivi hivi.

"Marahaba," ikajibu.

Akakaa juu ya bati, akavua kofia. Jasho lilikuwa linamtiririka, na macho yalikuwa mekundu.

"Mkwe, nimemwaga mtama kwenye kuku wengi. Yule binti mtangazaji aliniuliza vizuri mno. Akasema, mwalimu, wewe umefundisha wote hawa, na wewe nani alikufundisha? Na ile taa usoni, mdomo ukafunguka wenyewe."

"Ulimtaja nani?"

Akachungulia uani kwanza.

"Mama yako mkwe."

Nusura niteleze nifike chini bila ngazi.

Kumbe mama mkwe, kabla hawajaoana, alikuwa anaendesha lori la baba yake la kubeba mchanga. Yeye ndiye aliyemfundisha Mzee kila kitu, kuanzia kuwasha gari. Walipooana, Mzee akamwomba asiguse usukani tena, watu wasije wakamcheka mumewe. Mama akakubali kwa mapenzi, akahamia kiti cha abiria.

"Na nahisi alinisikia akiwa jikoni," Mzee akasema. "Ndiyo maana anaalika mtaa mzima! Mkwe, nitaitwa nani mimi mtaani? Nitasimama vipi mbele ya wanafunzi wangu?"

Ile sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli. Nikamwonea huruma.

"Niokoe," akasema. "Siku hiyo uwe huku juu. Kipindi kikianza tu, igeuze antena kabisa. Watasema mkwe hajui kazi, basi. Wewe kinyozi, unapoteza nini?"

Nilikuwa napoteza macho ya mke wangu na imani ya mama yake. Lakini nalala kwenye nyumba ya nani? Nikakubali.

Jumapili ikafika. Sebule ilijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Mimi juu ya paa, eti nailinda antena. Mke wangu chini, ameshika ngazi. Mzee mlangoni, hatulii.

Muziki wa kipindi ukaanza. Nikalegeza nati, nikaifanya antena iupe mnara mgongo, nikaielekeza kwa jirani, kwenye tangi lake kubwa la maji, chuma kitupu, mahali ambapo hata mlevi hawezi kutafuta mawimbi.

Sauti ikakatika. Ndani wakaguna. Nikapumua.

Halafu zikaja kelele zilizotikisa mabati.

"Hapo hapooo! Usiguse!"

Picha imerudi. Safi kuliko siku zote! Baadaye fundi alinieleza kwamba mawimbi yakigonga chuma kipana yanaweza kurudi kama mpira ukutani. Wakati ule nilichojua ni kwamba nimekwisha.

Mzee akatoka mbio uani. "Geuza! Kata kulia! Kata kulia!"

"Simama hapo!" wanawake wakaitikia ndani.

"Rudi nyuma! Nyuma, nasema!"

"Usiguse, shemeji!"

Nikatazama chini. Mke wangu alimtazama baba yake, akanitazama mimi, na yule si mtoto mdogo, akaelewa. Akashika ngazi, akaivuta, akailaza chini.

"Mume wangu," akasema polepole, "ukiigusa hiyo antena, utalala na kunguru."

Nikaachia, nikainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Sauti ya mtangazaji ikatokea dirishani: "Na wewe mwalimu, nani alikufundisha?"

Mzee akaziba masikio. Lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa inamfuata kutoka sebuleni.

"Mke wangu. Mimi nilikuwa nagonga hata kisichokuwepo. Alinishika mkono, akaniambia usiogope, gari linataka tu kujua kwamba upo. Yote ninayowafundisha watu ni maneno yake. Sijawahi kumwambia mtu. Na yeye mwenyewe sijawahi kumwambia asante."

Nilingoja vicheko. Hakuna aliyecheka.

Mama mkwe akatoka sebuleni, machozi yakimtiririka, akasimama mbele ya mumewe, akanyoosha mkono.

"Funguo."

Mzee akapapasa mifuko yote kabla ya kuzipata. Akampa.

Mama mkwe akaingia kwenye gari la mafunzo, upande wa usukani. Mke wangu akakaa pembeni yake, majirani wakabanana nyuma. Akalirudisha nyuma kupitia lango letu jembamba, ambalo Mzee hajawahi kulipita bila kulikwaruza. Hakugusa hata kutu. Wakaondoka.

Tukabaki wawili, mimi juu bila ngazi, yeye chini bila funguo.

"Mkwe," akaita. "Wewe uko juu, unaona. Wako wapi?"

"Wamefika kwenye kona, baba. Wanakata kulia."

"Ametoa taa ya kona?"

"Ametoa."

Mzee Breki akaketi kizingitini, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Angesahauje," akasema. "Huyo ndiye dereva."

Nilichoshuka nacho kutoka kwenye lile paa, ndugu zangu, ni hiki: ukweli ukisharushwa hewani, usijisumbue kuuzungushia antena. Utagonga tangi la jirani, utarudi sebuleni kwako. Na kama kuna mtu unadaiwa asante naye, mpe mapema mkiwa wawili tu, kabla hajaisikia pamoja na mtaa mzima.