Shikamoo Mbele ya Mkuu wa Kambi

Fundi viatu wa hapa Themi akifungua kopo la rangi nyeusi, mimi husogea pembeni. Harufu ile siivumilii mpaka leo.

Ndiyo iliyojaa ofisini kwa mkuu wa kambi ya jeshi siku ile, nikiwa mtoto. Mama alikuwa amenishika mkono tangu tushuke kutoka Nkoaranga. Alikuwa ameachana na baba, mwanajeshi, na matumizi yangu hayakuwa yameletwa tangu mahindi yapandwe. Sasa tulikuwa tunavuna. Alitaka baba akatwe kwenye mshahara. Njiani aliniambia nikiulizwa, niseme kweli.

Baba aliitwa. Akagonga buti sakafuni, akasimama mguu sawa, macho ukutani.

"Shikamoo baba," nikasema.

Hakuitikia. Sikujua kwamba askari aliyesimama vile mbele ya mkubwa wake haongei mpaka aruhusiwe. Nilijua tu kwamba mtu mzima asiyeitikia shikamoo yako amekukasirikia vibaya sana.

Mkuu akaniinamia. "Haya mwanangu, baba analeta chakula nyumbani?"

Nilitazama zile buti. Ziling'aa mpaka nikaliona dirisha ndani yake.

"Analeta," nikasema. "Analeta kila mara."

Mkono wa mama ukaniachia taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mguu pande," mkuu akamwamuru baba.

Ndipo baba akageuka, akanitazama.

"Marahaba, mwanangu," akasema.