Hodi Katika Nyumba Tupu

Majirani walimwita Bi Mkaguzi, na wala hakuwa mkaguzi wa chochote. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni. Kila Jumamosi akitoka kazini hujipulizia manukato, hubeba mkoba wake mzuri, huyo, kutazama nyumba zinazouzwa. Kununua? Anunue na nini? Alikwenda kula kwa macho: taa zinazoning'inia kama mapapai, mapazia yanayoburuzika sakafuni, bafu ambalo ungeweza kufugia samaki. Akirudi kwenye vyumba vyao viwili husogeza kabati. Mumewe, fundi magari aliyeitwa Spana mtaa mzima, alikuwa amekwisha kujigonga kidole gumba cha mguu katika kila pembe ya ndoa yao.

Sasa dalali wa nyumba hizo alikuwa ameanza kumshtukia.

"Mama, ukija tena bila mumeo nitajua unanichezea. Nitawaambia wenzangu wote wakufungie milango."

Bi Mkaguzi bila Jumamosi zake angebaki na mashuka tu. Kwa hiyo akamvalisha Spana suti ya harusi, ambayo siku hizi ilikubali kifungo kimoja, na njiani akampa masharti.

"Usiseme kitu. Tingisha kichwa kama mtu mwenye pesa."

"Wenye pesa hutingishaje?"

"Kama wewe ukiangalia injini iliyokushinda."

Nyumba ilikuwa nyeupe mpaka ikakufanya uone aibu na viatu vyako. Mito ilisimama juu ya makochi kama watoto wanaosubiri kupigwa picha. Juu ya meza kulikuwa na matufaha ya plastiki.

"Haijawahi kulalwa hata usiku mmoja," dalali akasema. "Bikira kabisa."

Bi Mkaguzi alimeza mate. Alipapasa ukuta, akanusa pazia, akafunga macho. Kila kitu kingeenda sawa, ila Spana alilelewa na bibi aliyekuwa na fimbo kwa kila anayeingia mahali kimya kimya, na hodi ilimtoka kama kikohozi.

"Hodi!" akasema kwenye mlango wa jikoni.

"Unambishia nani hodi?" mkewe akamnong'oneza, akimfinya kiuno.

"Hodi!" tena, kwenye mlango wa chumba cha kulala.

Dalali alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mzee, hamna mtu humu."

Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango mwembamba, umefungwa. "Hiyo stoo tu," dalali akasema haraka. Lakini Spana alikuwa amekwisha fika.

"Hodi!"

"Karibu, baba!" sauti ikajibu kutoka ndani.

Wote watatu wakageukia mlango.

"Redio ya jirani," dalali akasema.

"Redio babu yako!" ikasema redio.

Mlango ukafunguka, akatoka bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani na kikombe mkononi. Nyuma yake ilionekana nyumba halisi, imebanwa yote mle ndani: godoro, sufuria, cherehani, viti vilivyopandiana migongo.

"Mwenye nyumba ni mimi. Huyu hunificha humu kila anapoleta watu, ati nachafua mandhari. Nimevumilia, lakini mtu akipiga hodi ninyamaze? Mimi ni maiti?"

"Shikamoo, mama," Spana akasema.

"Marahaba. Mnanunua?"

Bi Mkaguzi alimkazia mumewe macho. Spana akajaribu kutingisha kichwa, akashindwa. "Hatununui, mama. Mke wangu anapenda kutazama tu."

"Nilijua!" Dalali akaruka. "Basi umekwisha, mama. Hakuna dalali atakayekufungulia hata choo!"

Bi Mkaguzi akaukumbatia mkoba wake. Kulikuwa na nyumba ya ngazi za kioo kule juu kilimani, hakuwa ameiona bado.

"Afadhali hawanunui," bibi akasema. "Wanunuzi wako hawaketi. Hawa wataketi. Na mtu akitaka kutazama nyumba yangu, aje hata kila Jumamosi mpaka iuzwe. Wewe, lete lile kochi la wageni humu."

"Bibi, lile ni la maonyesho! Na halipiti mlangoni!"

"Nyumba ya nani?"

Dalali akalibeba, jasho likimtiririka. Likakwama pale pale.

"Linyanyue miguu kwanza," Bi Mkaguzi akasema, tayari amekwisha vua viatu. "Egemeza kushoto. Polepole na ukuta, baba, rangi hiyo mbichi."