Betri Nane Ndani ya Mwanzi

Nilipoanza kazi ya ukarani Mbeya, miaka ya sabini, ugonjwa wangu ulikuwa redio. Nikitoka ofisini nilitengeneza redio mbovu za majirani, na kila mara nilikwama kwenye betri. Nikaamua kununua pawa saplai, kile kifaa cha mezani kinachopunguza umeme wa ukutani ili utoshe redio.

Dukani zilikuwepo mbili. Kubwa ilikuwa na mshale wa kupimia na kifungo cha kuzuia umeme usizidi. Ndogo, ya kuenea kiganjani, ilikuwa na swichi tu: volti tatu, sita, tisa, kumi na mbili. Muuzaji akaniambia, "Chukua kubwa, ndugu yangu. Ukikosea, inajizima yenyewe." Mimi wa kukosea? Nikachukua ndogo, eti meza yangu haina nafasi. Uongo mtupu. Nafasi ilikuwepo, ila nilikwishajiona fundi.

Mwezi uleule baba alikuja kutoka Igowole kunisalimia, redio yake kwapani. Kaka yangu alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu Makongolosi, mwaka wa pili hana barua. Kila mchana baba alisikiliza matangazo ya vifo. "Wasipomtaja," aliniambia, "nakula." Betri zake zilikuwa zimekwisha kabisa, na hakutaka kukosa ya siku ile.

Nyuma ya redio alikuwa amefunga kwa mpira kipande cha mwanzi, betri zimepangwa ndani. Nikazihesabu, nane. Nane kwa volti moja na nusu ni kumi na mbili. Nikaiunga redio kwenye pawa saplai yangu, nikageuza swichi hadi kumi na mbili, tena kwa madaha.

Redio ilikoroma mara moja, ikanyamaza. Moshi ukatoka kwenye spika.

Nilipoifungua ndipo nikaona nafasi za betri: nne. Ilikuwa redio ya volti sita. Kwetu betri hazitupwi. Zikichoka huanikwa juani, zikichoka zaidi huongezewa kuukuu nyingine ndani ya mwanzi, mpaka nane dhaifu zifanye kazi ya nne nzima. Nimekulia nyumba hiyo. Nimezianika mwenyewe juu ya bati. Na bado nilihesabu kama mgeni.

Nilijichukia. Baba hakunigombeza, alisema tu, "Basi, mwanangu," akaomba maji ya kunawa. Ugali hakuugusa.

Zilizoungua zilikuwa transista, vile vipuri vidogo vya ndani; za aina ile nilizitafuta Mbeya nzima, nikaagiza Iringa, zikaja baada ya miezi mitatu. Redio niliipeleka Igowole mwenyewe. Baba alikuwa amekonda. Akaiwasha, akasikiliza kidogo, akaizima.

"Inasema vizuri," akasema. "Hii miezi mitatu, wewe mwenzangu ulikuwa unamsikilizia kaka yako?"

Mezani kwangu Mbeya zilikuwepo redio nne nzima. Sikuwa nimemsikilizia hata siku moja.