Nauli ya Mtu wa Pili

Ingali mbele ya macho yangu, mjukuu wangu, ile siku mkuu wa maabara aliponiita ofisini kwake, ingawa mambo ya juzi yananipotea. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Nilikuwa msichana wa Bofu, kule Likoni, mwanamke peke yangu katika maabara ya kuchunguza mbu. Aliniambia wataalamu watakutana Kampala, na kazi yangu imechaguliwa isomwe huko. Ofisi itanilipia gari la moshi.

Kazi yenyewe ilihusu viluwiluwi vya mbu ndani ya mitungi ya maji ya kunywa. Wanaume wa ofisini walipima visima na mitaro, maana huko ndiko walikoweza kufika. Mimi nilipiga hodi nikakaribishwa mpaka uani, nikafunuliwa mitungi, na chai nikapewa. Mbu walikuwa humo humo ndani.

Baba alifurahi, kisha akasema siendi peke yangu. Msichana kulala safarini bila mtu mzima wa kwao, huo haukuwa mwendo wa watu wetu. Nikarudi kwa mkuu kuomba nauli ya mtu wa pili. Akacheka kidogo, akasema ofisi inasafirisha wataalamu, haisafirishi mashangazi. Basi nikampa karatasi zangu mwenzangu mmoja wa kazini aende kunisomea, na nikajiona nimetumia akili.

Jioni nikampitia Mwana Esha, somo yangu, nikamsimulia yote. Somo kwetu ndiye aliyekufunda ulipovunja ungo, na neno lake hulipingi. Tena alikuwa mkuu wa chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, na sauti yake ilisikika nyumba ya tatu.

"Huyo bwana uliyempa kazi yako," akaniuliza, "amewahi kuingia uani kwangu?"

"La, somo."

"Kwa Bi Rehema je?"

"La."

"Sasa akiulizwa atajibu nini? Ukizaa, mtoto utampa jirani akamtaje jina? Kesho asubuhi zifuate karatasi zako."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nauli? Hilo akasema niliache kwake.

Chama kilikuwa kimeweka akiba ya leso mpya za sare, za kuvaa Idi watakaposhindana na chama cha Mtongwe. Aliyeishi Likoni siku zile anajua kwamba kwenda shindanoni na leso kuukuu ni kujitakia matusi. Wakakaa kikao. Wengine walinuna, Bi Rehema alilia kabisa, kwa sababu rangi alikuwa ameichagua yeye. Hata hivyo pesa zilitoka, zikawa tikiti ya Mwana Esha, kwenda na kurudi.

Huko Kampala nilisoma karatasi zangu mwenyewe. Nilipomaliza, mzee mmoja wa Kizungu akauliza mbu wanapataje nafasi ya kukua, ikiwa wanawake huteka maji mapya kila siku. Nikamjibu kwamba maji huongezwa, hayabadilishwi. Mtungi hauachwi ukauke, kwa kuwa mwanamke anachelea usipasuke, hivyo maji ya chini hukaa siku nyingi. Hilo halikuwamo katika karatasi. Nililijua kwa kukaa uani na wenyewe. Mzee akaliandika jibu langu, watu wakapiga makofi, na kutoka kiti cha nyuma Mwana Esha, ndani ya buibui lake, akapiga kigelegele kilichowageuza shingo mabwana wote. Wallahi sijapata kujivuna kama siku ile.

Idi ikafika. Wenzetu wa Mtongwe walitoka na leso zinazonukia duka bado, wakatuimba: wa Bofu leso zenu ziko wapi, zimeliwa na panya? Wanawake wetu walisimama na zile zilizopauka. Mwana Esha akanivuta nikasimama katikati yao, akajibu kwa sauti ile ile ya nyumba ya tatu:

"Leso zetu zimekwenda Kampala, na zimerudi. Hizi hapa."

Mwanangu, siku hizi iko mifuko ya fedha ya kuwasafirisha mabinti wa sayansi kama wewe, nami nafurahi. Lakini nasikia unaona haya kuomba nauli ya mama yako akushikie mtoto huko mkutanoni, na kwamba umefikiria kumwachia mwenzako akusomee. Usimwachie. Omba nauli ya mtu wa pili, na wakicheka, omba tena. Siku utakapokaa wewe kwenye kiti cha kugawa nauli, muulize kila binti ni nani ambaye bila yeye hawezi kuja.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie njia, akulinde wewe na mwanao, na akurudishe kwetu salama. Ukimaliza kusoma, usikilize nyuma ya ukumbi. Nimemwambia mama yako asione haya kupiga kigelegele.